Boksi Limeanza Kunuka: Kusoma Dalili za Nyaraka Zinazoharibika Katika Makumbusho ya Sanaa

Makumbusho ya sanaa hujulikana kwa vitu vilivyotundikwa ukutani. Vilivyomo kwenye chumba cha nyuma havina wageni: barua za wachoraji, madaftari ya michoro ya awali, risiti za mauzo, kadi za mialiko, negativu, kaseti za mahojiano, vipande vya magazeti. Lakini siku mchoro unapotiliwa shaka, shahidi hutoka huko nyuma. Mchukue Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Alifanya kazi miaka michache tu, na waliofuata mtindo wake ni wengi mno. Anayetaka kujua kama picha fulani ni ya mkono wake au ya mwanafunzi wake atatafuta risiti, picha ya kamera ya wakati ule, au barua ya mnunuzi. Kama risiti hiyo imeliwa na mende, basi tena.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili: unachonusa, unachoona, unachogusa, kisha chanzo, kisha la kufanya. Sura zote zina msimamo mmoja nyuma yake: karatasi ikiumwa, mara nyingi mgonjwa halisi ni chumba, au ni mkono wa mtu. Kwa hiyo kabla hujafuta hata vumbi, andika mambo matatu. Boksi lilikuwa rafu ipi, juu au chini, karibu na ukuta gani? Majirani zake wana hali gani? Na nini kimebadilika chumbani miezi ya karibuni: paa limezibwa, kabati limesogezwa, kiyoyozi kimewekwa kipya? Piga picha. Ukishasafisha, ushahidi nao umekwenda na ufagio.

Dalili: ukifungua boksi, harufu ya siki inakupiga puani

Hapo hakuna kitu kilichomwagika. Ni filamu. Negativu na filamu nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa asetati ya selulosi, aina ya plastiki, na asetati ikianza kuvunjika hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ubaya wake ni kwamba asidi hiyo huharakisha uvunjikaji wenyewe, na mvuke wake huambukiza filamu zilizo jirani. Baadaye negativu hujikunja, hupungua ukubwa, na tabaka la picha hubaki na mikunjo kwa sababu lenyewe halipungui.

Joto na unyevu ndivyo vinavyoongoza kasi. Filamu mpya ya asetati ikitunzwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 50 huchukua takriban miaka 40 kabla harufu haijaanza. Hesabu hiyo si ya Tanga wala Mombasa. Kwetu ni pungufu.

La kufanya: zitoe kwenye makopo na mifuko isiyopitisha hewa, zitenge na nyaraka nyingine siku hiyohiyo, uziweke kwenye bahasha za karatasi. Kuna vipande vya karatasi za kupimia ambavyo hubadilika rangi kutoka buluu kwenda kijani hadi njano kadiri asidi inavyozidi. Vikigeuka kijani, anza kuchanganua picha kwa skana bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Baada ya hapo, friza ndiyo hifadhi yake, zikiwa zimefungwa mara mbili.

Tahadhari moja. Negativu ikiwa ya zamani zaidi, ya kabla ya miaka ya 1950 kuanza, na imegeuka kahawia, inanata au inatoa harufu kali isiyo ya siki, huenda ni nitrati, aina nyingine ya plastiki ya filamu. Nitrati hushika moto kwa urahisi, na ikishika hata maji hayaizimi sawasawa, kwa kuwa inajitengenezea oksijeni yenyewe. Angalia ukingo wa filamu: nyingine zimeandikwa NITRATE au SAFETY. Ikiwa ni ya kwanza, itoke ndani ya jengo lenye michoro, na zimamoto waarifiwe kuwa ipo.

Dalili: harufu ya uvundo, madoa ya kijani, meupe au meusi

Hii ni kuvu. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, na hakuna chumba kisicho nazo. Kinachoziamsha ni unyevu wa hewa unaopita asilimia 65 na kukaa hapo, hasa penye hewa iliyotulia: nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, rafu ya chini kabisa, ndani ya boksi lililojazwa kupita kiasi.

Gusa kidogo kwa ncha ya brashi. Kuvu iliyo hai ni laini, ina unyevu na hupakaa. Iliyolala ni kavu, ni unga unaopeperuka. Iliyo hai haifutwi, kwa kuwa ukiifuta unaisukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Kwanza ikaushwe, kwenye chumba kingine chenye feni na unyevu mdogo, au igandishwe kwenye friza mpaka upate nafasi ya kuishughulikia. Ikishakauka ndipo unatumia brashi laini, ukielekeza vumbi kwenye mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana. Vaa barakoa ya N95 na glavu, maana kuvu hii hukaa kwenye mapafu ya mtu vilevile.

Mambo mawili hufanywa sana nchini mwetu na yote mawili ni hasara. La kwanza ni kuanika barua juani. Jua hukausha, ni kweli, lakini hufifisha wino na kuzipinda karatasi, na vumbi lote la kuvu linabaki palepale. La pili ni kupangusa kwa klorini ya kufulia. Kuvu itafifia, na karatasi itaanza kuoza kwa njia nyingine.

Dalili: kiyoyozi kipo, kinafanya kazi, na kuvu bado inarudi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo tatizo linalowachanganya watu wengi wa pwani, na fedha nyingi zimepotelea hapo.

Kiyoyozi kazi yake ni kupoza. Kukausha hewa ni matokeo ya pembeni, na hayatokei kila mara. Hewa ikipozwa bila kutolewa maji, unyevu wake kwa asilimia hupanda, kwa kuwa hewa baridi hubeba maji machache. Chukua siku ya kawaida ya Machi Dar es Salaam: nje ni nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Hewa hiyo huanza kudondosha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Chumba chako kina nyuzi 22. Mlango ukifunguliwa na kuachwa, hewa ya nje inaingia na kutua juu ya rafu za chuma, juu ya vifuniko vya maboksi, juu ya vioo vya fremu. Huwezi kuona matone, karatasi imeshayanywa.

Kwa hiyo angalia vyanzo kwa mpangilio huu.

Je, kiyoyozi huzimwa saa kumi na moja jioni ili kuokoa umeme? Basi kila usiku chumba kinapata joto, unyevu unaingia, na asubuhi unakipoza tena na maji yote yaliyoingia. Kupanda na kushuka huko kila siku huumiza karatasi, na tabaka za picha hasa, kuliko nyuzi 27 zilizotulia. Nasema bila kusitasita: kama huwezi kuwasha saa 24, ni heri kutowasha kabisa. Weka feni, fungua madirisha saa zile ambazo kipimo kinaonyesha nje ni kukavu kuliko ndani, na tumia fedha ya umeme kununua mashine ya kukausha hewa.

Je, kiyoyozi ni kikubwa kuliko chumba? Muuzaji hupenda kukuuzia kikubwa. Kinafikisha nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, kinajizima, na hakijapata muda wa kuvuta maji. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe. Kiyoyozi kidogo kinachofanya kazi muda mrefu hukausha zaidi.

Je, boksi hutolewa chumba cha baridi na kufunguliwa papo hapo kwenye chumba cha wasomaji chenye joto? Litaota umande, kwa hesabu ileile ya nyuzi 25. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kulitoa, liache lizoee joto saa kadhaa, ndipo ulifungue.

Na ukuta je? Majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama yale ya Mji Mkongwe na Lamu, hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye paa bovu, na chumvi ya bahari iliyomo ukutani huvuta unyevu hata wakati wa kiangazi. Ukuta wa namna hiyo ukipakwa rangi ya plastiki au saruji, maji hayana pa kutokea na hurudi ndani. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyokuwa makumbusho kwa miaka, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Jengo likifikia hapo, hakuna boksi litakalokuokoa. Lakini dalili ndogo huanza zamani: rangi inayobanduka karibu na sakafu, unga mweupe wa chumvi ukutani. Sogeza rafu zote angalau upana wa kiganja kutoka ukutani na ziinue sentimita 15 kutoka sakafuni.

Nunua vipima unyevu viwili, si kimoja. Kimoja kikae katikati ya chumba, kingine ndani ya boksi la rafu ya chini pembeni. Tofauti kati ya viwili hivyo itakueleza mengi kuliko fundi.

Dalili: karatasi imekuwa njano, ukiikunja pembe inavunjika

Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya karne ya 19 ni za massa ya miti, na zilitiwa alamu (shabu) na utomvu ili wino usisambae. Mchanganyiko huo huzaa asidi, na asidi hukata nyuzi polepole. Gazeti ndilo baya kuliko yote. Na kwenye nyaraka za wachoraji magazeti ni mengi, kwa kuwa familia hukata kila habari iliyomtaja mzee na kuichomeka katikati ya barua zake. Fungua barua hiyo miaka 30 baadaye utaona mstatili wa kahawia, umbo kamili la kipande cha gazeti kilicholala juu yake. Asidi imehama.

Tengeneza nakala ya gazeti kwenye karatasi nzuri, irudishe nakala hiyo mahali palepale, na gazeti lenyewe ulipeleke kwenye jalada lake. Kisha kagua kinachozishika nyaraka. Bahasha za kaki na majalada ya kadibodi ya kahawia yaliyojaa ofisini kwetu yana asidi kuliko barua unazozitunza ndani yake. Maboksi yasiyo na asidi yakiwa ghali, na huwa ghali, kuna njia ya katikati: karatasi nyeupe ya kuchapishia ya siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa chokaa na haina asidi. Kalamu ya kupimia asidi si ghali. Chora mstari mmoja pembeni mwa karatasi moja ya pakiti na usome rangi. Ikifaa, kunja karatasi hizo ziwe majalada, uzitie ndani ya boksi la kawaida. Si hifadhi kamili, ila ni bora mara nyingi kuliko kaki.

Kama njano ipo mahali palipoandikwa tu, na nyuma ya herufi kuna kivuli cha kahawia, hilo ni jambo jingine. Ni wino wa chuma na tanini, uliotumika sana ofisini na majumbani hadi karne ya 20. Wino huo huila karatasi, na herufi zenye wino mzito huanguka na kuacha matundu yenye umbo la maandishi. Usiuloweshe kamwe, hata kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa maji hutawanya ayoni za chuma na kupanua jeraha. Kuna karatasi za majaribio zinazogeuka waridi zikikuta chuma hicho. Wino wa masizi, unaopatikana kwenye hati nyingi za kale za herufi za Kiarabu, hauli karatasi, lakini ukiguswa na maji unaondoka. Wote wawili jibu lao ni moja: pakavu, na jalada lisifunguliwe ovyo.

Dalili: madoa ya kutu, mistari ya njano inayonata, picha zilizogandana

Hizi ni kazi za mikono yetu. Klipu na pini za stepla hushika kutu pwani haraka sana. Zitoe kwa kuinua miguu ya pini upande wa nyuma kwa kisu butu chembamba, si kwa kuvuta. Rababendi hukauka na kushikamana na karatasi. Selotepu huacha gundi inayogeuka kahawia na kupenya; ikiwa imeshapenya, mwachie mtaalamu, maana dawa za kuitoa huondoa na wino.

Plastiki inayotoa harufu kali kama mpya kabisa huenda ni PVC, na PVC hunyonya rangi ya picha na wino wa fotokopi. Ukitaka uhakika, nenda nje, pasha waya wa shaba, gusisha plastiki, urudishe waya kwenye moto: mwali ukiwa wa kijani, ina klorini. Tumia polista, polipropilini au politini tupu. Albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki ya kufunika zilipendwa sana miaka ya 1980 na ndizo zimeharibu picha nyingi za ufunguzi wa maonyesho. Picha hutolewa kwa kupitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, taratibu, ukianzia pembeni. Kabla ya kuitoa hata moja, piga picha kila ukurasa kama ulivyo, na maelezo yaliyoandikwa chini yake.

Na ukikuta karatasi laini ya faksi au risiti ya mashine, ile inayofifia, usijiulize mara mbili. Itolee nakala leo.

Dalili: matundu, unga, kingo zilizotafunwa

Vichuguu vya udongo vikipanda ukutani ni mchwa, na makao yao ni ardhini, si ndani ya boksi. Kupuliza dawa kwenye rafu ni kupoteza muda. Wafuate nje ya msingi wa jengo. Matundu ya mviringo yenye unga laini chini yake ni dumuzi. Uso wa karatasi uliolambwa, lebo na migongo ya vitabu iliyokwanguliwa, ni mende au wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokimbia ukiwasha taa, wanaopenda gundi ya wanga. Vijidudu vidogo vyeupe, karibu havionekani, vikitembea juu ya karatasi hula kuvu. Ukiviona, rudi kwenye sura ya kiyoyozi, kwa sababu vinakwambia pana unyevu kabla kipimo hakijasema.

Friza ndiyo dawa isiyoacha sumu. Funga boksi ndani ya plastiki mbili, toa hewa, liweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uliache lirudi kwenye joto la chumba bila kulifungua. Picha za kioo, nta na michoro iliyotundikwa kwenye fremu zisiingie humo. Majani ya mwarobaini na karafuu yana harufu nzuri na wazee waliyaamini, lakini mayai yaliyo ndani ya mgongo wa kitabu hayana habari nayo, na mafuta yake huacha madoa. Vidonge vya naftalini viache kabisa.

Dalili: maji yameingia

Una saa 48, pungufu kwa joto letu, kabla kuvu haijaanza. Sasa hivi kinachookoa ni kuchagua. Katalogi za maonyesho na picha zilizochapishwa kwenye karatasi ya kung'aa ndizo za kwanza, kwa kuwa tabaka la udongo lililo juu ya karatasi hiyo hugeuka gundi likikauka, na kitabu kizima huwa tofali. Zisikauke. Zigandishwe zikiwa mbichi. Kiwanda cha samaki au cha barafu kilicho karibu kinaweza kuokoa makumbusho, na ni vizuri kumfahamu meneja wake kabla ya mvua za masika. Negativu na picha za kamera zisigandane: zikae kwenye maji safi baridi, kisha zianikwe moja moja kivulini. Barua za wino unaoyeyuka zigandishwe. Karatasi za kawaida zenye chapa zitandazwe kwenye feni.

Pa kuhifadhi nako ni swali. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno uliingia Florence, Italia. Hifadhi ya nyaraka za serikali wakati huo ilikuwa ndani ya jengo la Uffizi, makumbusho mashuhuri ya sanaa, na nyaraka zilizokuwa sehemu ya chini zilizama kwenye tope lililochanganyika na mafuta ya kupashia majengo joto. Michoro mingi ilikuwa ghorofani. Ndivyo inavyokuwa hata kwetu: sanaa hupewa ghorofa yenye mwanga, karatasi hupewa chumba kilicho karibu na bomba. Kagua leo nini kipo juu ya dari la chumba chako cha nyaraka. Mara nyingi ni choo.

Dalili: karatasi zote ni nzima, lakini hakuna anayezielewa

Mtu mwenye bidii ameingia, amechukua maboksi manane ya mchoraji na kuyapanga upya: barua zote kwa tarehe, picha zote pamoja, risiti zote pamoja. Inapendeza kutazama. Kumbe mchoraji aliweka risiti, picha ya mchoro na barua ya mnunuzi ndani ya bahasha moja, na bahasha hiyo ndiyo iliyokuwa ikisema mchoro upi uliuzwa kwa nani. Ufaransa iliagiza tangu 1841 kwamba nyaraka za mtu au ofisi moja zikae pamoja zisichanganywe na za mwingine, na kanuni ya pili, kuheshimu mpangilio wa mwenyewe, ikafuata.

Yaliyovurugwa yanaweza kurudishwa kwa sehemu. Angalia alama za kutu: klipu moja huacha umbo lilelile kwenye kila karatasi iliyoibana, na ukizipanga juu kwa juu kutu hukutana. Angalia matundu ya mashine ya kutoboa karatasi, mikunjo, duara la kikombe cha chai lililopita karatasi tatu. Angalia namba za penseli kwenye pembe. Hii ndiyo sababu nilisema usisafishe kabla ya kupiga picha. Doa unalolichukia huenda ndilo pekee linalojua barua hii ilikaa na ipi.

Dalili: faili la kompyuta halifunguki

Mahojiano ya mwaka 2003 yako kwenye sidii iliyobanduka tabaka, mpangilio wa katalogi uko kwenye programu isiyokuwepo tena. Nakili kwanza, fungua baadaye. Usijaribu sidii hiyohiyo kwenye mashine tano. Kwa yajayo: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo. Picha zilizochanganuliwa zitunzwe kwa aina ya faili iitwayo TIFF, maandishi kwa PDF/A, aina ya PDF ya kutunzia muda mrefu. Tengeneza cheksamu ya kila faili, yaani namba inayobadilika faili likibadilika, na uilinganishe kila mwaka, kwa sababu faili huharibika kimyakimya na nakala rudufu hunakili uharibifu huohuo. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Dalili: mtafiti anataka kuchapisha barua, familia imekuja juu

Hapa kilichokosekana ni karatasi ya makubaliano siku ya kupokea. Makumbusho kumiliki barua hakuyapi haki ya kuichapisha. Haki hiyo ni ya aliyeandika na warithi wake, na sheria za Kenya na Tanzania zinailinda kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Barua ambazo mchoraji *alipokea* ni za haki za wengine kabisa. Rudi kwa familia sasa, na hati ya maandishi, kabla wajukuu hawajawa wengi.

Dalili: ndani ya jalada kuna karatasi isiyo kwenye orodha

Watu huichukulia kuwa uzembe wa karani. Inaweza kuwa hivyo. Lakini kisa cha John Drewe kinafaa kujulikana na kila anayefungua mlango wa chumba cha wasomaji. Huyu alikuwa mtapeli wa Uingereza aliyeuza michoro bandia iliyochorwa na John Myatt, takriban 200, kwa majina ya wachoraji wakubwa wa karne ya 20. Myatt alitumia rangi ya emulsheni ya kupakia kuta, na bado wataalamu walinunua. Kilichowashawishi ni karatasi. Drewe alichangia Tate, makumbusho ya sanaa ya London, pauni 20,000, akapewa heshima ya mfadhili na nafasi ya kuingia kwenye nyaraka zake, kisha badala ya kuiba akapachika: picha za michoro bandia na kurasa za katalogi za uongo, ndani ya kumbukumbu za kweli. Alihukumiwa mwaka 1999 kifungo cha miaka 6. Nyaraka alizozichafua zilibaki na kazi ya kusafishwa.

Dawa yake ni ya kuchosha na ni rahisi. Kila karatasi ipewe namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni. Jalada lihesabiwe mbele ya msomaji linapotoka na linaporudi. Jalada moja mezani kwa wakati mmoja, mkoba nje, kalamu ya wino nje, na mfadhili naye akae upande uleule wa meza kama wanafunzi. Ukikuta karatasi ngeni, usiitoe. Iache ilipo, weka kipande cha karatasi safi kinachosema nani ameiona na tarehe gani, kisha ilinganishe na majirani zake: je, mashine ya chapa ni ileile? Klipu imeacha kutu juu yake kama ilivyoacha kwa wenzake? Karatasi zote jaladani zimegeuka njano, na hii moja je? Angalia nani alilisoma jalada hilo tangu lilipohesabiwa mara ya mwisho. Kama daftari la wasomaji halipo, lianzishe kesho asubuhi kabla mlango haujafunguliwa.